Barabara Iliyovalishwa Maua

Benchi la mbele ya duka la Mahendra ni kipande cha kiti cha kanisani kilichookotwa mikokoni baada ya kimbunga, na tangu kiwekwe pale hakijasikia sala tena. Kinasikia mengine. Kila Jumamosi alasiri, mvua ikipunguza hasira, beseni la kijani la plastiki huwekwa katikati, kava, unga wa mizizi inayolegeza mwili, ikakamuliwa ndani ya kitambaa mpaka maji yawe na rangi ya dimbwi, na kifuu kimoja kikaanza kuzunguka mkono kwa mkono. Mwenye duka, Mahendra, wanamwita Waziri kwa sababu kila jambo la serikali analijua kabla serikali yenyewe haijalijua. Apenisa, aliyecheza raga mstari wa mbele mpaka shingo ikamezwa na mabega, ni Bamvua: hajawahi kukubali kifuu kisichofurika. Kolinio dereva wa teksi ni Shokapu, na sababu ya jina lake iko palepale miguuni pao. Mtaa wa Drala unaanzia njia kuu, unapita mbele ya duka na kuteremka hadi kwenye mikoko, na mashimo yake ni ya siku nyingi, yana majina kama watu: Bwawa, Sufuria, Mapacha, na lile refu chini ya mshelisheli linaloitwa Kaburi, ambamo teksi ya Kolinio iliingia na bomba la moshi ikatoka bila bomba la moshi.

Siku hiyo benchi lilikuwa linamngoja Vilisoni. Huyu ndiye Digrii. Alisomea mipango miji, akamaliza, akavaa joho, akapigwa picha, picha ikatundikwa sebuleni, na tangu hapo kazi pekee aliyoipata ni kuwaeleza watu kwa nini hana kazi. Jina la Digrii walimpa kwa heshima kabisa. Yeye kila akiitwa husikia kama mtu anamchokonoa kidonda.

Asubuhi mtaa ulikuwa umemtuma ukumbini mjini, ambako mpango wa barabara wa miaka ijayo ulikuwa unawekwa hadharani ili wananchi waseme yao: barabara ipi itachimbwa upya, ipi itatiwa viraka, ipi isubiri. Benchi halikuwa na wasiwasi wowote. Ubishi ulikuwa tu kama mji utaanza na Drala, au utaanza na mtaa mwingine kwa kuona haya halafu uje Drala. Waziri aliapa kwa duka lake kwamba mtaa ukishaingia kwenye mpango, lori la kokoto hutangulia jioni hiyohiyo kumwaga huduma ya kwanza. Na hiyo kokoto, tuseme ukweli, ndiyo iliyokuwa inangojwa. Lami ingekuja na wajukuu.

Kokoto ilikuwa ya Mama Laisani. Mama yake Vilisoni, sukari ilimchukua mguu mmoja mwaka juzi. Hospitali wakampa kiti cha magurudumu, kizuri, kinang'aa, ambacho kwenye Mtaa wa Drala kina manufaa sawa na mtumbwi juu ya paa. Teksi hazishuki. Kiti chenyewe kinakwama kwenye Sufuria kabla hakijawaona Mapacha. Wanaume wa benchi walishajitolea kumbeba, kiti na mwenye kiti, hadi njia kuu. Alikataa, na namna alivyokataa mtaa mzima unaweza kukurudia neno kwa neno: anayebebwa kwenda kwenye sherehe ni nguruwe, yeye atakwenda kwa magurudumu yake. Basi akakaa ndani. Na kesho yake, Jumapili, kwaya yao ya ujanani ilikuwa inakutana kanisani baada ya miaka mingi. Wengine walikuwa wameshavuka kwa meli kutoka kisiwa cha Kadavu na sasa walikuwa wanalala kwenye mikeka ya watu mjini kote. Wenzake wote wa sauti ya pili wamekwisha kuzikwa. Amebaki yeye. Miezi yote Vilisoni amekuwa akimwambia, subiri Mama, barabara inakuja. Naye amesubiri bila kulalamika, jambo ambalo kwa mtoto wa kiume ni adhabu kubwa kuliko kelele.

Vilisoni alitokea njia kuu amelowa, shati limemganda mgongoni, akaketi mwisho wa benchi kama mtu anayesubiri matokeo ya damu.

– Bula, msomi, alisalimu Bamvua, ambaye ndiye aliyeshika kifuu. – Unakunywa nini? Bamvua au maji mafu?

– Maji mafu.

Wakatazamana. Mtu aliyeleta habari njema haombi nusu kifuu.

Alipiga kofi moja la viganja vilivyobonyea, akanywa kwa mkupuo, akarudisha kifuu, na wenzake wakampigia makofi yale mazito ya taratibu kama inavyopasa. Ulimi ukaanza kufa ganzi. Aliushukuru. Kisha akatupa jicho chini kidogo ya duka, kwenye nyumba yenye bati la bluu, ambayo iko karibu kiasi kwamba mtu akipiga chafya benchini Mama Laisani humwombea afya kutoka dirishani.

– Hatumo, alisema. – Na semeni polepole.

Sasa, benchi lile lina tabia moja ambayo Vilisoni anaijua tangu akiwa na kaptula: ukiliambia jambo, halikuulizi limetokeaje. Linakueleza wewe.

Waziri ndiye aliyefungua bunge. Alisema yeye hashangai hata kidogo. Mipango ya barabara huchorwa mezani, si ndiyo? Na ramani ya mji ni kubwa kuliko meza, si ndiyo? Basi Mtaa wa Drala, kwa kuwa uko pembezoni upande wa mikoko, huangukia pale ambapo bwana mkubwa huweka kikombe chake cha chai.

– Tumekaa chini ya kisosi, bhaiya, kaka zangu. Miaka yote. Akinyanyua kikombe anatuona kidogo, akikirudisha tumekwisha.

Shokapu akasema hapana, hayo ni ya kitoto. Yeye alikuwa na hesabu za kikubwa. Kila shimo moja linakula shokapu, bushi na matairi; vipuri hivyo vinauzwa na mtu; mtu huyo ana mke; mke ana kaka; na kaka hawezi kukosa kuwa na rafiki kwenye ofisi ya barabara. Alipoulizwa rafiki huyo ni nani, akasema kama angemjua angekuwa bado anaendesha teksi hapa? Hoja ikapita, kwa sababu hakuna aliyeelewa ilikuwa hoja gani.

– Nyote hamjui, alisema Bamvua, akijimiminia kifuu mpaka kikamwagikia vidoleni. – Kilima kinatembea.

– Kinatembea kwenda wapi?

– Baharini. Pole pole. Mlango wa choo changu zamani ulikuwa unafunga, sasa haufungi. Mtaa mzima unateleza. Wao wana vipimo, wanajua. Wanangoja tu tuteleze mpaka tuvuke mpaka wa mji, tuwe mzigo wa watu wa upande wa pili.

Waziri hakutaka kushindwa na choo. Akainamisha kichwa, akashusha sauti kama mtu anayeuza dola, akasema kuna jambo alikuwa hataki kuligusa, lakini kwa kuwa wamemlazimisha, basi. Mashimo ya Drala yanaonekana kutoka angani. Nchi kubwa mbili, hatazitaja, zinashindana kuvipa visiwa misaada, na misaada hutolewa kwa kuhesabu mashimo. Mji ukiziba shimo, umeziba mfereji wa msaada.

– Shimo ni mtaji, ndugu zangu. Hapo tulipo tumekaa juu ya mtaji wa taifa. Wewe mwenye digrii, nambie kama nadanganya.

Vilisoni alikuwa anaitazama kava iliyobaki kwenye beseni. Alikuwa na hasira, na ubaya wa hasira yake ni kwamba haikuwa na mtu wa kumwendea. Njiani kote, kutoka ukumbini, alimtafuta mtu wa kumtukana. Fisadi angemfaa. Bosi mvivu angemfaa zaidi, hata mwanasiasa mdogo tu. Hakumpata. Na hawa watu wazima wenye vichwa vya nazi, anaowapenda kuliko alivyo tayari kukiri, walikuwa wanazidi kupanda mbinguni na vipuri vyao na satelaiti zao, wakati jambo lenyewe lilikuwa dogo, la aibu, na la kwao.

– Ni maua, alisema.

– Maua gani?

– Yetu. Yale ya siku ya wageni.

Hakuna aliyeisahau siku ya wageni. Hakuna anayetaka kuisahau pia. Ilikuwa siku bora kabisa ambayo mtaa ule umepata kuiona.

Kanisani palikuwa pametangazwa kwamba watu wa barabara watapita na gari lao kuutazama Mtaa wa Drala. Basi. Tangazo halikuwa na neno jingine. Mahali pengine duniani watu wakisikia hivyo huenda wakaongeza mashimo. Drala walisikia neno moja tu: wageni. Na mgeni anapokuja, mtu mzima na akili zake hamwachi akanyage tope. Wanaume walishinda mikokoni wakichota mchanga na matumbawe yaliyovunjika. Bwawa likajazwa, Sufuria ikajazwa, Mapacha wakazikwa kwa heshima zote. Bamvua alijaza pipa maji, akalifunga kamba kiunoni, akalivuta juu chini kama ng'ombe mpaka mtaa ukalainika kama mkeka. Mawe ya kando yalipakwa chokaa. Na Mama Laisani, akiwa kwenye kiti chake katikati ya barabara, akiendesha kazi kama anavyoendesha kwaya, aliamuru maua ya haibiskasi na ya misanapichi yapangwe pande zote mbili kutoka njia kuu hadi mikokoni, na alipoona pengo aliita mtu kwa jina lake na la babake. Gari likaja, lina kamera juu ya paa na mitambo chini ya tumbo ya kupima mitikisiko. Likashuka taratibu, maana dereva aliona haya kukanyaga maua. Halikutikisika hata kidogo. Wageni wakavishwa mataji ya maua, wakala mihogo na samaki wa nazi, wakanywa kava mpaka mmoja wao akasahau kofia.

Kesho yake mvua ilinyesha. Mchanga wote ukarudi mikokoni ulikotoka, ukapita mtaroni, ukauziba na mtaro.

– Sasa? alisema Shokapu. – Kosa liko wapi hapo?

Vilisoni akawaeleza, kwa sauti ya chini, na hapa walimsikiliza kweli. Gari lile huupa kila mtaa alama. Mitaa iliyochakaa kabisa hupakwa nyekundu kwenye ramani na hutangulia; iliyo salama hupakwa kijani na husubiri. Ukumbini ramani ilikuwa ukuta mzima. Alitafuta Drala kwenye nyekundu, akatafuta kwenye manjano. Drala ilikuwa kijani. Tena kijani kilichoiva, kama jani la gimbi.

Akasimama mbele ya watu, akauliza. Aliyejibu alikuwa mhandisi Unaisi, ambaye chuoni alikuwa akikaa nyuma yake na kumwazima rula. Hakujibu kwa dharau. Alisema labda kuna makosa, tuangalie, akaitafuta picha iliyopigwa na gari na kuitupa kwenye skrini kubwa. Ukumbi mzima ukaona Mtaa wa Drala umenyooka kama meza ya harusi. Bamvua kando ya pipa lake, kifua mbele, na sulu lake la Jumapili kiunoni.

– Nilionekana na tai shingoni? aliuliza Bamvua.

– Ulionekana na tai.

– Isa, alisema Bamvua, kama mtu anayesema jamani, na kwa sekunde kidogo alisahau msiba.

Watu ukumbini walicheka, alisema Vilisoni, lakini walicheka vile mtu anavyocheka akiona mtoto wake amevaa viatu vya baba. Unaisi peke yake hakucheka. Akasoma maneno yaliyoandikwa chini ya picha, ile sababu ya kijani.

Waziri akamwambia aseme, wote ni watu wazima hapa. Vilisoni akatazama tena dirisha la mama yake. Vioo vya dirisha, vile vya kulaza ili hewa ipite, vilikuwa vimelala nusu, na ndani palikuwa kimya.

– Imeandikwa: barabara inapitika vizuri, hata kwa kiti cha magurudumu. Wamemzungushia duara. Mama. Yuko katikati ya barabara anapunga mkono.

Hakuna aliyefikia kifuu.

– Ilikuwa mara yake ya mwisho kutoka nje, alisema. – Na ndiyo iliyotutoa kwenye mpango. Sasa nendeni mkamwambie ninyi, mimi siwezi.

Kama ungekuwa mgeni ungedhani hapo watajuta. Humjui mtu wa Drala. Bamvua aliinuka nusu kutoka kwenye benchi akauliza, kwa hiyo yeye Apenisa, mtoto wa Sitiveni, awapokee wageni na tope mpaka kwenye magoti? Waseme nini huko kwao? Shokapu akasema hata ingerudiwa leo angevuta mchanga uleule. Waziri alitoa hoja kwamba lawama ni za mitambo, kwa sababu mtu angeona maua akajua kuna kitu kimefichwa, mashine haina malezi. Vilisoni akawajibu kwa ukali kwamba mashine ilipewa barabara ikaipima, wao ndio waliompelekea daktari mgonjwa aliyepakwa poda. Wakabishana hivyo kwa vifuu kadhaa, na ilikuwa ajabu kuona jinsi kila mtu alivyokuwa na hakika na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama upande wa bati la bluu.

– Huyo Unaisi hakusema dawa? aliuliza Shokapu mwishoni.

Alisema. Gari litazunguka tena mwakani. Safari hii, aliwaomba kwa upole sana, akiwa amemshika Vilisoni mkono mlangoni kama anayemwomba mkopo wa siri, waiache barabara jinsi ilivyo. Wasizibe. Wasifagie. Wasiguse kitu. Na asimtaje kwamba amesema.

Hili benchi lililipenda mno. Lilikuwa agizo la kutofanya kazi, na lilitoka serikalini. Dakika hiyohiyo mipango ikaanza kumiminwa. Shokapu akasema kuacha tu haitoshi, mashimo lazima yasaidiwe. Yeye atakuwa anarudi nyuma na teksi kila Jumamosi ndani ya Kaburi ili lipate kina. Waziri atatoa samaki wa tilapia, waanze maisha kwenye Bwawa. Bamvua alitaka wapande magimbi kwenye Mapacha, na siku gari likija amsimamishe bata.

– Bata mmoja hatoshi, alisema Waziri. – Gari lina kamera moja au ngapi? Tuazime bata wa mchungaji. Na mtu mmoja awe anavua samaki.

– Nitavua mimi, alisema Bamvua. – Na tai shingoni.

Vilisoni, ambaye hakutaka kucheka, alicheka. Ilimtoka puani pamoja na kava. Na kwa muda ule mfupi ilionekana kama mambo yamenyooka: mwakani wangekuwa nyekundu, nyekundu ya kung'aa, mtaa mbovu kuliko yote mjini, na aibu ingekwenda inakostahili.

Ni katikati ya kicheko hicho alipotokea mtu chini ya godoro.

Aliteremka kutoka njia kuu, godoro kichwani, miguu tu ikionekana, akipapasa kando ya Bwawa kama anayevuka mto. Lori lake lilikuwa limekataa kushuka. Waziri alimjua: ni yule mpangaji mpya wa chumba cha nyuma, Mrotuma, mtu wa kisiwa cha mbali, jina lake Fesaitu, amepata kazi ya kuoka mikate njia kuu. Huwezi kumwacha mtu apite penye kava bila kumwita, wakamwita. Akaegemeza godoro kwenye ukuta wa duka, akaketi kwenye kreti, akapiga kofi lake, akanywa alichopewa, na kwa kuwa ni mtu wa adabu akakaa kimya akiwasikiliza.

Wakamweleza yote kwa pamoja. Gari, mchanga, maua, kijani, tai, duara, Kadavu, kwaya ya kesho, bata wa mchungaji. Fesaitu alikuwa anaitikia kwa kichwa kila mmoja kwa zamu yake. Walipomaliza, Bamvua akamuuliza anauonaje mpango.

– Mzuri, alisema Fesaitu. Akafuta mdomo. – Na mpaka hilo gari lirudi, huyu mama anapita wapi?

Hakuuliza kwa kejeli. Hakuwajua vya kutosha kuwafanyia kejeli. Aliuliza kama mtu anayeuliza bomba la maji liko upande gani.

Waziri akageuka kutazama bati la bluu. Habari za nchi mbili kubwa na kisosi cha chai alizijua, njia ya huyu mama hakuijua. Shokapu alitazama teksi yake juu barabarani. Bamvua alichota kifuu, akakuta anakwaruza plastiki. Kava ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyemwambia Waziri akamue nyingine.

Hapo ndipo walipomsikia.

Mama Laisani alikuwa anaimba ndani. Alikuwa anaimba ile sauti ya pili peke yake, na sauti ya pili ikiwa peke yake si wimbo. Inapanda kidogo, inashuka, inasimama pale ambapo wengine wangepita juu yake, inangoja, inaendelea. Aliiacha nafasi ya kila mtu. Unaweza kusema alikuwa amewawekea wafu viti vyao. Vilisoni alijua alikuwa amekaa mbele ya kioo cha kabati, na gauni jeupe liko kitandani limepigwa pasi, kwa kuwa alikuwa amemwona akilipiga pasi asubuhi, kabla hajaondoka kwenda kumletea habari.

Bamvua alisubiri mpaka ubeti ukaisha.

– Koleo liko kwa nani? alisema Bamvua.

– Kwangu, alisema Waziri. – Na toroli.

– Tuzibe yote? aliuliza Shokapu. – Halafu mwakani kijani tena?

Hapo ndipo Vilisoni aliposimama. Akachukua kijiti, akachuchumaa penye tope la mbele ya duka, na kwa mara ya kwanza tangu avue joho akachora barabara. Hapana, si yote. Alichora mstari kutoka mlango wenye bati la bluu hadi njia kuu, upana wa kiti na mkono wa mtu pande zote mbili, basi. Usinyooke. Upite kushoto kwa Sufuria, ukate katikati ya Mapacha, ulikwepe Kaburi kabisa upande wa mshelisheli, ndipo uvuke kuja kulia na kupanda. Kiti kitakata kona kama nyoka na hakitagusa shimo. Gari haliwezi, ni pana na halina adabu ya kukata kona, litaingia kwenye kila shimo walilobakiza na kutikisika mpaka kamera idondoke. Wakauliza huu mstari hausombwi na mvua? Akasema wauweke matumbawe makubwa chini, madogo juu, na kwanza kabisa wauzibue mtaro, kwa sababu ni mtaro uliowaponza, si mvua. Alikuwa anasema haraka, kijiti kinakwenda, na hakugundua kwamba hakuna aliyekuwa anambishia.

– Bwawa linabaki? aliuliza Waziri, kwa sauti ya mtu anayeombea mtoto wake.

– Bwawa linabaki. Ni shahidi wetu.

– Na tilapia?

– Mtie.

Fesaitu alikuwa ameshakunja suruali. Godoro akaliingiza dukani kwa Waziri lisilowe, akauliza wapi wanachota hayo matumbawe, na Bamvua akamshika bega akamwonyesha mikoko. Shokapu alikuwa anaisogeza teksi nyuma taratibu hadi mwanzo wa mtaa, mlango wa nyuma ukiwa wazi, kama kwamba kesho imeshafika.

Vilisoni aliinua koleo begani, akaanza kuteremka. Alipofika usawa wa bati la bluu alikanyaga taratibu, maana alikuwa bado hajajua atamwambia nini. Wimbo ulikuwa umekatika. Vioo vya dirisha vililala kabisa, kimoja baada ya kingine, na sura ya mama yake ikatokea, miwani puani, haina dalili ya kushangaa.

– Vilisoni.

– Naam, Mama.

– Safari hii msiweke maua.